Mlango wa Star Trek kwenye kisanduku cha funguo

Tamthilia ya Star Trek ilipoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, milango ya chombo chake cha anga ilijifungua kila mhusika alipoikaribia, na mimi niliyeitazama miaka mingi baadaye niliamini kabisa kwamba palikuwa na mtambo wa ajabu. Hapakuwa na mtambo. Nyuma ya kuta za mbao walijificha wafanyakazi walioivuta milango hiyo kwa mikono, na walipochelewa, mwigizaji aliugonga kwa uso.

Mwezi uliopita niliamua kutengeneza mlango mdogo wa namna hiyo kwa ajili ya kisanduku cha funguo kilichotundikwa sebuleni. Sehemu ya kuteleza niliitoa kwenye deki ya DVD iliyokufa, maana trei yake tayari ina reli, magurudumu ya meno na kimota kinachokwenda mbele au kurudi nyuma kulingana na mwelekeo wa umeme. Jicho lake ni kihisi cha HC-SR04, ambacho hutoa mlio wa mitetemo 40,000 kwa sekunde, kisha husubiri mwangwi. Bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo inayoendesha programu yangu, hupima muda wa mlio kwenda na kurudi kwa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde), na ukizigawa mikrosekunde hizo kwa 58, unapata umbali kwa sentimita. Sikio la binadamu haliusikii mlio huo. La paka linausikia, na huenda ndiyo sababu paka wetu amehama kochi lililo karibu.

Siku mbili zilipotea kwa kosa la kizembe: kila mota ilipoanza kuzunguka, bodi ilizimika na kuwaka upya. Nilikuwa nimeilisha mota kwa umeme uleule wa waya wa USB, nayo inapoanza huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla hadi volti zinashuka. Niliipa betri zake, nikaunganisha nyaya hasi zote pamoja, ikatulia.

Tabu iliyobaki ni ya aina nyingine. Wale watu wa nyuma ya ukuta walijua nani anaingia na nani anapita tu, lakini kihisi kinajua umbali peke yake, kwa hiyo mlango wangu ulimfungukia kila aliyekwenda jikoni, hata aliyebeba sufuria. Nimeandika upya programu ili ufunguke pale tu mtu anaposimama ndani ya sentimita 30 kwa sekunde nzima. Sasa hausumbui mtu, ila sekunde hiyo ya kusubiri imeua raha yote ya kuukaribia kwa madaha.

Mpwa wangu ameliona hilo, akapendekeza kwa adabu: “Mjomba, niwekee swichi nyuma ya kochi, nitakuwa naufungua mimi nikikuona unakuja.”