Ule weupe wa jani

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii nimehubiriwa na mmea.

Nina spaida, ile ya majani marefu membamba, kijani pembeni na mstari mweupe katikati, nilinunua kwa wauza miche wa Ngong Road na ilikuwa inakaa kivulini nyuma ya mtungi wa maji ikiwa poa kabisa. Februari nikaona imefichika sana, nikaitoa kwa reli ya balkoni ndio watu waione. Na mnajua jua la Nairobi mwezi huo, huu mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, baridi ya asubuhi inakudanganya halafu saa sita linachoma. Wiki moja tu, ile mistari myeupe ikapata madoa ya kahawia ikakauka kama karatasi, na kijani kando yake bado kizima.

Nikainua jani moja kwa mwanga, nikaona kivuli cha kidole changu kupitia ule weupe. Pale hakuna klorofili, ile rangi ya kijani ndio hupikia mmea chakula, kwa hivyo weupe haujipikii chochote, unakula kilichopikwa na kijani jirani yake, na jua kali likija unaungua wa kwanza.

Hapo nikamkumbuka dada yetu mmoja. Alizika mume, na hata miezi miwili haijaisha tukampatia kuongoza maombi ya Alhamisi eti huduma itamtia nguvu. Mimi ndiye nilisema hivyo. Aliongoza mara tatu, ya nne hakuja, tukaanza kuulizana kama amerudi nyuma.

Someni 1 Wafalme 19 polepole. Nabii Eliya amelala chini ya mti wa mretemu anaomba afe, na Mungu hamkemei wala hampi kazi. Anatumiwa malaika na mkate na maji, anakula, analala tena, na malaika anarudi na chakula mara ya pili. Mara ya pili, wapendwa! Kazi ya kuwapaka mafuta Hazaeli na Yehu wawe wafalme inakuja baada ya siku 40 za safari mpaka mlima wa Horebu. Miaka yote nimekuwa nikiruka hapo pa kulala nikikimbilia ile sauti ndogo ya utulivu ya Mungu pale Horebu.

Spaida nimeirudisha nyuma ya mtungi, majani yaliyoungua hayaponi, nimeyakata, lakini katikati yanachomoza mapya. Na Jumanne nilienda kwa huyo dada na unga na maziwa, nikamwomba msamaha. Tulikaa jikoni karibu masaa mawili bila maneno mengi, halafu akaniuliza kama nimekula.