Bati halijalia

Saa sita na robo usiku, bati bado halijalia.

Aliyewahi kulala kwenye nyumba isiyo na dari anajua ninachosema. Mchana kutwa bati linachomwa na kutanuka. Jua likizama linaanza kujikunyata, na likijikunyata misumari inalalamika: ta, ta, tatata, kama mtu anatembea juu ya paa na ndala. Mwaka wa kwanza nilidhani ni paka. Kisha nikadhani mengine, maana mimi mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga akisikia nyayo juu ya paa usiku hahitaji kusaidiwa kuwaza. Mume wangu alicheka hadi akakohoa. "Hilo bati linapoa," alisema. "Likimaliza kulia ndiyo ulale."

Tangu hapo hiyo imekuwa saa yangu. Oktoba na Novemba, miezi ambayo Dodoma inakaangwa kabla ya mvua, bati linaanza kulia baada ya magharibi, saa tatu limemaliza, na ikifika saa sita mtu unatafuta shuka ilipo. Hicho ndicho kilichonifanya niupende mji huu. Joto lake lina adabu: linakuja asubuhi, linafanya kazi yake, jioni linaaga.

Leo ni usiku wa tano haliagi.

Watoto wamelala chini, kwenye sementi, juu ya khanga iliyoloweshwa maji. Feni inazunguka, lakini kazi yake ni kuuhamisha moto kutoka kona hii kuupeleka ile. Mume wangu ametoa godoro barazani, namsikia anavyojipiga makofi ya mbu. Mimi nipo jikoni na simu, miguu kwenye beseni. Maji yenyewe niliyachota saa mbili yakiwa ya moto, kwa sababu simtanki letu linakaa juani kuanzia asubuhi hadi jioni. Saa nane mchana ukifungua bomba hapa kwangu unaweza kuoshea sufuria ya mafuta bila kubandika maji jikoni.

Sababu ya joto hili naijua, na kuijua hakujanipa usingizi. Dodoma ipo zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu, na anga ya kiangazi huwa nyeupe, haina wingu. Jua likishazama, moto wote ulioingia ardhini mchana unapanda juu moja kwa moja, hakuna kinachouzuia. Wiki hii mawingu yamekuja. Yanakusanyika saa kumi, yanakuwa meusi, yanaunguruma upande wa Chamwino, kila nyumba wanakimbilia kuanua nguo, halafu hamna kitu. Hayanyeshi, hayaondoki. Yamekaa juu yetu kama mfuniko wa sufuria, na sisi ndio wali uliopaliliwa.

Nilihamia hapa 2017, katika lile kundi la watumishi tulioifuata serikali baada ya agizo la 2016. Niseme ukweli, nilikuja na dharau. Nimekulia joto la pwani, lile la Februari na Machi, kaskazi imechoka na mti hautikisiki. Unaoga, unajifuta, unatoka bafuni umeshalowa tena. Hewa imeshiba maji, jasho halina pa kwenda. Nikajiambia, hawa wa Dodoma watanieleza nini mimi?

Oktoba yangu ya kwanza nilitembea kutoka kituo cha daladala hadi ofisini bila tone la jasho. Nikajisifu. Jioni navua blauzi nyeusi nakuta mgongoni ramani nyeupe, ina visiwa na mito: chumvi. Kumbe jasho lilikuwa linatoka mchana kutwa, ila lilikauka kabla sijalihisi, na kwa kuwa sikuona ninachopoteza, sikunywa maji. Usiku kichwa kiligonga kama kinu, alfajiri pua ikatoka damu. Bibi jirani aliitazama midomo yangu ilivyopasuka, akanipa mafuta ya mgando na kikombe cha juisi ya ubuyu.

"Jua la huku halikuambii," alisema.

Basi nikalijua, tukaheshimiana. Lakini hilo lilikuwa la mchana. Usiku wa Dodoma sijawahi kuuogopa mpaka wiki hii.

Asubuhi redio ilitaja kiwango cha juu cha joto Dodoma, nyuzi 33. Kipimajoto chetu kidogo cha ukutani, saa tisa alasiri, chumbani, kilikuwa kwenye 39. Mume wangu akasema redio inatuongopea. Haituongopei. Vipimajoto vya hali ya hewa vinakaa ndani ya kisanduku cheupe chenye vibao vya mshazari vinavyopitisha upepo na kukataa jua, kama meta moja na nusu kutoka ardhini, mahali pa wazi penye nyasi. Ndivyo inavyotakiwa kupimwa dunia nzima, ili Dodoma ilinganishwe na Cairo bila ubishi. Kwa hiyo ile 33 ni joto la mtu aliyesimama kwenye kivuli kizuri, upepo unampitia. Kile kipimajoto kina paa zuri kuliko langu!

Tangu nilipolielewa hilo, nikisikia habari ya joto la nchi yoyote namba naiweka pembeni kidogo. Nauliza kwanza watu walikuwa chini ya paa gani.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaishi London. Julai 2022, sisi huku tupo kwenye kipupwe, alfajiri inashuka hadi nyuzi 13 hivi na bodaboda wanavaa makoti ya mitumba mawili mawili, akatuma sauti kwa WhatsApp: "Shem, nakufa na joto." Tukacheka nyumba nzima. Mtu aliyechunga mbuzi Kondoa peku anakufa na joto la Uingereza! Kesho yake akatuma video, tukanyamaza. Chumba chake kipo juu kabisa, kimebanwa chini ya vigae, sakafu zulia ukuta kwa ukuta, dirisha linafunguka kiasi cha kupitisha kiganja. Feni alizunguka maduka manne hakupata. Siku hiyo, tarehe 19, Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu waanze kupima. Pale Coningsby ilisomeka 40.3. Siku moja kabla, uwanja wa ndege wa Luton ulisimamisha ndege kwa sababu njia ya kurukia ilivimba kwa joto, na tarehe hiyo 19 moto wa nyasi ukateketeza nyumba Wennington, pembezoni mwa London. Nyumba za kule adui yake ni Januari. Zimejengwa zikikamata joto zisiliachie.

"Shem," alisema mwishoni mwa ile video, shati hana, "hawa watu wamenifungia ndani ya chupa ya chai."

Ndivyo ninavyojisikia usiku huu.

Baba mkubwa wa Kondoa naye alikwenda hija 2024. Mwaka ule Makka ilifika 51.8 katika Msikiti Mtukufu, na Saudia ilitangaza vifo 1,301. Zaidi ya asilimia 80 ya waliofariki walikuwa hawana kibali cha hija. Asiye na kibali hana hema la kiyoyozi pale Mina wala basi la kumpeleka, anatembea na jua lake kichwani. Baba mkubwa alikuwa na kibali. Tulipokwenda kumpokea sote tulitaka kusikia hiyo 51 ikoje. Hakuizungumzia hata kidogo. Alizungumzia mwavuli: kuna mzee wa taifa jingine, hawakuelewana lugha, walitembea chini ya mwavuli mmoja mwendo mrefu wakipokezana kuushika, kisha umati ukawatenganisha na mwavuli ukabaki kwake. Amerudi nao. Unaning'inia sebuleni kwake na hakuna ruhusa ya kuutumia.

Jioni ya leo nilimpelekea bibi jirani matembele. Nilimkuta chini ya mwarobaini wake, ameegemea shina, miguu ameinyoosha.

"Mbukwa, bibi," nilisema. Kigogo changu kinaishia hapo.

"Mbukwa, mjukuu wangu. Hujalala wewe, macho yanasema."

Nikamuuliza zamani usiku kama huu walifanyaje. Akasema zamani hawakuujua, walikuwa ndani ya tembe. Amezaliwa na kuzalia watoto wawili kwenye tembe kule Mvumi. Alinichorea chini kwa kijiti: nguzo, juu ya nguzo magogo, juu ya magogo fito zilizosongana, kisha matawi na nyasi, na juu ya yote udongo, unene wa kutoka ncha za vidole hadi karibu na kiwiko. Juu bapa kama meza, kina mama wanaanikia mtama na uwele huko huko. Kuta nene, madirisha ni vitundu. Mchana unatoka juani unaingia ndani huoni kitu, unasimama kidogo macho yazoee, na ubaridi unakushika shingoni. Jua linapiga ule udongo mpaka linachwa halijafika ndani. Julai ikija na baridi yake, ndama na mbuzi wanalala humo humo, pumzi zao zinawapasha moto.

Mimi nikapandwa na maneno ya semina. Nikasema bibi, mlikuwa na elimu kubwa, kwa nini mliiacha mkakimbilia bati?

Akanitazama kama mtu anayemwangalia mtoto aliyekosea njia ya nyumbani.

"Wewe umewahi kulala chini ya udongo mvua ikinyesha?"

Ilikuwa mvua za El Nino, 1997 kuingia 1998. Ugogo mvua yetu ya mwaka mzima ni kidogo, haifiki nusu ya wanayopata wenzetu wa Bukoba, na tembe limejengwa kwa kuijua hiyo kidogo. Mwaka ule ilinyesha ikasahau kukatika. Udongo juu ya paa ukanywa, ukanywa, ukawa mzito. Usiku mmoja bibi akasikia gogo la katikati likilia. Alikwenda kulishika kwa mkono akahisi linatetemeka. Akaamsha watu, wakatoa watoto, wakatoa mbuzi, babu akarudi kuchukua jembe wakamkaripia. Kabla ya jogoo kuwika upande wote wa kushoto ulikuwa chini.

"Bati linavujisha jua," akasema, anaufuta mchoro wake kwa kisigino. "Udongo unavujisha mvua. Jua halijawahi kuniangukia usingizini."

Sikuwa na la kujibu. Nimehudhuria mikutano ambapo watu wanalisifia tembe kwa slaidi, na mimi nimepiga makofi. Nikikumbuka, wote waliokuwa wakisifia walikuwa ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi.

Na nisiwanyooshee wengine vidole tu. Tuliponunua kiwanja hiki kulikuwa na mgunga upande wa magharibi, mkubwa, kivuli chake saa tisa kingekuwa juu ya chumba cha watoto. Fundi alisema mizizi itasumbua msingi. Sikumuuliza mara mbili. Nilikuwa na haraka ya kutoka nyumba ya kupanga. Kuni zake tulipikia miezi miwili. Kisha tukahamia kabla ya dari, kama anavyohamia kila mtu, tukisema dari itakuja. Imekuja ada, limekuja jokofu, wamekuja wageni wa msiba mara tatu. Dari haijaja.

Kabla ya magharibi fundi mwingine alipita na futi kamba. Amepima vyumba vyote, ameandika hesabu nyuma ya risiti. Nilipoiona nilimrudishia nikamwomba aanze upya na chumba kimoja. Mume wangu akasema basi kiwe sebule, ndiyo inayoonekana, na mwezi ujao tuna wageni wa posa ya mdogo wake. Fundi akaafiki upesi, nadhani sebule ndiyo kubwa. Nikawaambia chumba cha watoto. Wageni wa posa watakaa masaa matatu na wataondoka wameshiba. Fundi ataingia Jumamosi.

Saa nane kasoro kumi. Nimekwenda kugeuza khanga ya watoto upande wenye maji. Mdogo ametoka jasho kwenye nywele lakini amelala vizuri, mdomo wazi. Nje mume wangu amejifunika shuka gubigubi kwa ajili ya mbu, joto na aendelee nalo.

Ta.

Nimesimama mlangoni nasikiliza. Kimya. Kisha tena, upande wa jikoni: ta, ta.

Limeanza.