Gunia la kwanza limeenda wapi?

Mpwa wangu kamaliza kidato cha nne, kaja kukaa kwangu hapa Mtwara mjini kusubiri matokeo, akaniambia mjomba nifundishe programu. Nikajifanya ticha. Nikamwekea video za YouTube, ile lugha ya kuandikia programu inaitwa Python, mwanzo mwisho, jamaa anaongea Kiingereza cha mbio na mifano yake ya pizza na dola, wiki mbili dogo anaitikia tu "nimeelewa mjomba". Haya andika mwenyewe sasa, anatoa macho. Siku moja akaniuliza hiyo print mbona haitoi karatasi, kwani tuna printa?

Nikaona mwenye tatizo ni mimi. Nikazima video, nikamuuliza babu yako Tandahimba kapeleka gunia ngapi za korosho AMCOS, chama chao cha ushirika? Kumi. Tukaomba picha ya karatasi ya mzani WhatsApp. Basi iambie kompyuta ijumlishe kilo, izidishe na bei ya mnada, itoe makato. Hapo akachangamka, maana hesabu ya korosho anaijua tangu yuko darasa la tatu, hata kompyuta haimdanganyi.

Alihangaika jioni nzima na mi nimekaa mbali na kibodi makusudi, mikono inaniwasha. Jibu likaja dogo, kilo themanini na kitu hazionekani. "Mjomba hii imekula gunia!" Nikamwambia haya mkamate mwizi. Akafikiri limeliwa la mwisho, pale alipoandika range(1, 10), ile amri ya kuiambia ipitie toka namba ngapi hadi ngapi, akabadilisha 10 ikawa 11, erori nyekundu hiyo. Akarudisha, akaweka ile ile print aliyokuwa anaiulizia printa, kumbe kazi yake ni kuandika kwenye skrini tu, kila gunia litaje kilo zake, kumbe listi inaanzia gunia la pili! Python inahesabu gunia kuanzia 0, la kumi ni namba 9, na namba ya mwisho kwenye range haiigusi, kwahiyo alitakiwa range(0, 10).

"Sifuri ya nini sasa?" Nikamsimamisha mlangoni pa stoo, gunia la kwanza mguuni kwake: umepiga hatua ngapi kulifikia? Hamna. La pili? Moja. Akacheka peke yake.

Saivi mzee yeyote akipita na karatasi ya mzani anaitwa barazani. Juzi dada kapiga simu, kaambiwa mwanao anaandika kodi (code za kompyuta) usiku na mchana, akanijia juu: kaka, mmeshaanza kudaiwa na TRA?