Tuliyoyapanga Tabata, niliyoyakuta Nachingwea

Hii safari ilianzia Tabata Segerea, kwenye meza ya plastiki yenye chipsi mayai na laptopu moja. Tuko watu saba, tuna kikundi chetu cha kuweka akiba miaka kama minne hivi, hela imekaa tu inatuangalia, ndo mmoja wetu akafungua Excel akasema jamani kusini ardhi bado bei rahisi, tuchukue ekari 20 tupande korosho. Hesabu ilikuwa tamu balaa. Mikorosho 70 kwa ekari, kila mti kilo 15, kilo shilingi 3,000, jumla milioni 63 kwa msimu. Milioni sitini na tatu! Kuna mtu alianza kuulizia bei ya Land Cruiser mezani palepale.

Dalali tayari alikuwepo, yuko hapahapa Dar, ana karatasi ina muhuri wa kijiji. Mimi ndo nilikuwa na likizo mwezi wa saba, kwa hiyo nikapewa kazi ya kwenda "kuona shamba" kabla hatujatuma hela. Mwenzetu mmoja, kwao Nachingwea mkoani Lindi, akanipa namba ya baba yake mdogo, akaniambia ukifika msikilize huyo mzee kwanza, hao wengine utawasikiliza baadaye.

Nikapandia basi Mbagala Rangi Tatu, alfajiri, baridi ya kiangazi ya Dar ile ya kujidanganya. Mkuranga wanauza korosho za kuchoma dirishani, nikanunua nikajiita mkulima. Kibiti, Ikwiriri, halafu daraja la Mkapa pale Rufiji, karibu kilomita nzima. Jirani yangu wa siti, mama mmoja wa Mtama, akaanza kunisimulia kabla daraja halijakamilika 2003, walivyokuwa wanasubiri pantoni pale Ndundu, na masika ikishika unaweza kulala njiani siku kadhaa na kuku wako. Anasema mazao ya kusini yalikuwa yanaozea kusini, mjini mnalalamika bei. Nikaona kweli, sisi Dar tunaongea habari za kuwekeza kana kwamba barabara imekuwepo tangu enzi za Nuhu. Na hata sasa haijatulia, tulipita Somanga pale ambapo Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara mkoa wa Lindi ukatenganishwa na Dar. Yule mama alinionyesha kwa kidole bila kusema kitu.

Nangurukuru tukala, Lindi sikuiona maana nililala, Mingoyo tukakata kulia, Masasi nikaingia usiku. Asubuhi nikapata Noah ya Nachingwea, kama kilomita 45 hivi, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Watu kumi na moja ndani ya Noah. Sitaongeza neno hapo.

Baba mdogo nilimkuta shambani, uso wote mweupe wa salfa, anapulizia mikorosho kwa mashine ya kubeba mgongoni kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akazima mashine, akanawa, akaniuliza safari, akaniuliza wa nyumbani, akaniuliza tena safari. Ndo nikatoa simu nikamwonyesha Excel. Akaangalia muda mrefu. Halafu akasema, "Sabini? Haya, simama hapo mwanangu."

Nikasimama kwenye shina la mkorosho. Yeye akaanza kutembea, hatua moja moja ndefu anahesabu kwa sauti, alipofika kumi na mbili akawa amegusa shina la mti mwingine. Juu, matawi ya ile miti miwili yalikuwa yameshagusana. "Sasa hapa katikati ungeweka mti gani?" Nikanyamaza. Mita 12 kwa 12 ndo nafasi wanayofundishwa na watu wa utafiti Naliendele, ukipiga hesabu ekari moja inaingia miti 28. Ishirini na nane siyo sabini. Nikakaa chini ya mti nikarekebisha kwenye simu, ile milioni 63 ikashuka ikawa milioni 25, na hapo ni mikorosho mikubwa inayozaa vizuri, wakati wetu sisi ungeanza kutoa vikorosho vya kuonja mwaka wa tatu. Halafu hujalipa palizi, hujapulizia, hujamlipa mlinzi.

Mzee hakucheka wala hakunikatisha tamaa. Alisema miaka ya mwanzo miti ikiwa midogo, panda ufuta au karanga katikati, ndo zitakulisha wakati unasubiri. Ile Excel yetu haikuwa na safu ya kusubiri kabisa.

Jioni tukatembea, akanionyesha upande wa Farm 17, wengi wanapajua kwa ajili ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, maana ndiko walikofanyia mazoezi, lakini hiyo namba 17 ni ya zamani zaidi, ni ya mashamba ya karanga ya Waingereza. Walianza 1947, Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, wakisema watalima ekari zaidi ya milioni 3 wapate mafuta ya kula kwao. Wakaleta matrekta, mengine ni vifaru vya vita vimegeuzwa trekta, Kongwa udongo ukikauka unakuwa kama saruji, mvua zikagoma, 1951 serikali yao ikafunga mradi na pauni kama milioni 36 zimeondoka hivyo. Reli waliyojenga ya kuja huku nayo ikang'olewa miaka ya 60. Baba wa huyu mzee wangu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki. "Walikuja na hesabu nzuri sana," akasema, akaniangalia simu yangu mfukoni. Nilijisikia kama nimevaa kofia ya mkoloni.

Siku ya pili ilikuwa mnada wa ufuta. Nilitegemea mbwembwe, kumbe watu wamekaa chini ya mwembe wanasubiri bei zisomwe, wanunuzi wenyewe hawapo, wanaingiza bei kwa mtandao. Bei ya juu ikasomwa, kukawa kimya, halafu wakulima wakaanza kunong'ona, wengine wakasema tukatae tusubiri mnada ujao, wengine hapana, ada za watoto. Wakakubali. Mama mmoja nyuma yangu akahesabu makato kwa vidole, ushuru wa halmashauri, chama cha msingi cha ushirika, chama kikuu, ghala, usafiri, vidole vikaisha akahamia mkono wa pili. Huu mfumo wa stakabadhi ghalani, unaweka mazao ghalani unapewa risiti halafu yanauzwa mnadani, wengi wanausifu maana zamani mchuuzi alikuwa anajipangia bei anavyotaka, ila hela haiji siku hiyohiyo, na hapo ndo chomachoma, mnunuzi wa kificho, anapopata riziki, anakuja usiku na bakuli lake na keshi, bei ya kutupa, kwa mtu ambaye mtoto anaumwa leo. Mimi naona kama mtu wa Dar ana hela ya kuingiza kusini basi aanze na hilo pengo la wiki mbili tatu, habari ya kununua shamba isubiri. Lakini wenzangu wanataka shamba, wanataka picha na shamba.

Na lile shamba la dalali? Nilienda ofisi ya kijiji na ile karatasi. Mtendaji akaigeuza mbele nyuma, akasema muhuri ni kweli wa kwetu ila ni wa zamani, na hata ungekuwa mpya, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali, ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kakariri. Mkutano haujawahi kukaa. Ile ardhi ina watu wanalima mbaazi. Nikampigia dalali palepale, simu ikaita, ikaita, mpaka leo.

Kurudi Dar nikawaeleza wenzangu wote sita palepale Tabata. Wawili wakadai hela zao, mmoja akasema mzee ana wivu. Waliobaki tulikubaliana ekari moja tu, ya baba mdogo mwenyewe, anatukodisha, karanga katikati.

Juzi mwezi wa kumi na moja kapiga simu, nasikia upepo tu na jembe. Kachimba mashimo anasubiri mvua. "Nimeshahesabu ni ishirini na nane, ila njoo uhesabu na wewe."

Nimeshakata tiketi ya Jumamosi.