Iuppiter, Iovis: nilivyoyazoea mashina mawili ya jina moja

Katika Kilatini, kamusi inaandika Iuppiter, shairi linasema Iovem, na mungu ni yuleyule: Jupita, mkuu wa miungu ya Warumi. Kukariri peke yake hakukunisaidia. Kilichonisaidia ni kulipasua jina.

Iuppiter ni maneno mawili yaliyogandana, kama Mwana na Hamisi katika Mwanahamisi. Iu- ni mungu wa mbingu angavu. -Piter ni pater, baba. Asili yake si jina la kutajia bali la kuitia: "Ee Baba Mbingu!" Mwito ukazoeleka hadi ukashika nafasi ya kiima. Kigiriki kina Zeu pater na Kisanskriti kina Dyaus pita, ndugu wa damu kabisa. Hata dies, siku, ni wa ukoo huo. Cicero, mwandishi wa Kirumi, alilihusisha jina na iuvare, kusaidia. Maelezo matamu, lakini sauti hazikubali.

Pater iligeuka -piter kwa sababu Kilatini cha kale kilidhoofisha irabu fupi zilizo nje ya silabi ya kwanza, kama facio (nafanya) inavyotoa conficio (nakamilisha). Zile p mbili nazo: u ilikuwa ndefu, ikafupishwa, urefu ukahamia kwenye konsonanti. Zitamke zote mbili, Yup-pi-ter.

Nje ya kiima na mwito, "baba" hayupo. Linabaki shina Iov-: Iovis (ya Jupita), Iovi (kwa Jupita, mpewa), Iovem (yambwa), Iove (baada ya ab "kutoka", cum "pamoja na", sub "chini ya"). Viishio ni vilevile vya rex, regis (mfalme, ya mfalme). Kosa linalorudi kila mara ni Iuppiteris, au Iuppitrem kwa kuiga patrem, yambwa ya pater. Sisi wenyewe tuna "kuja" na "njoo", na hakuna anayetafuta njoo ndani ya kuja. Hapa pia, shika yote mawili kwa pamoja. Mimi huanza kutaja na Iovis, kisha Iuppiter huja peke yake.

Zoezi zuri ni nusu mbili za mstari mmoja wa Virgil, mshairi wa Kirumi. Ab Iove principium: ab inadai Iove, "mwanzo watoka kwa Jupita". Iovis omnia plena: plena, "vimejaa", inadai umilikaji, ndiyo maana Iovis, "vyote vimejaa Jupita". Tamka v kama w: Yowe, Yowis.

Shina hilo bado linatembea. Iovis dies, siku ya Jupita, ndiyo giovedì ya Kiitaliano na jeudi ya Kifaransa: Alhamisi, siku ya akina Mwanahamisi.