Mlango wa ghorofa ya nne

Majira ya baridi ya kwanza niliyokaa Bronx, jijini New York, nililala jikoni na wanangu wawili. Nilitandika magodoro mbele ya jiko la gesi, nikawasha mioto yote minne na oveni nikaiacha wazi, kwa sababu redieta ya chumbani ilikuwa baridi kama chuma cha geti alfajiri. Asubuhi vioo vya madirisha vinatiririka maji kwa ndani, na yule mdogo analalamika kichwa kinamgonga. Nikampa dawa ya maumivu, nikampeleka shule. Sikujua kwamba gesi ikiwaka usiku kucha ndani ya nyumba iliyofungwa inaweza kuzaa ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwamba kichwa kuuma ni dalili yake ya mwanzo.

Naandika haya kwa sababu najua kuna wenzangu wa Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi watakaolala hivyo hivyo usiku wa leo.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, nyumba ya kupanga ya vyumba sita na choo kimoja uani. Mwenye nyumba tulimwita Babu. Bati likivuja, mama alikinga ndoo, na siku Babu akipita kuchukua kodi mama alimkaribisha chai kwanza, habari ya bati ikaja mwisho kabisa, kwa sauti ya chini. Kumpeleka Babu serikali za mtaa kungekuwa kumchongea. Adabu hiyo nilikuja nayo Marekani. Nilimwambia supa, yaani msimamizi wa jengo, mara tatu kwamba hatupati joto, na mara zote tatu alinijibu kesho, nami nikashukuru.

Aliyenitoa kwenye ukimya huo ni jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kigambia. Aliingia kuazima sufuria, akaona magodoro jikoni na hita ya umeme niliyokuwa nimenunua siku hiyo, bado iko kwenye boksi. Akakaa chini. Akanisimulia habari za Januari 9, 2022.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, kwenye jengo la ghorofa 19 mtaa wa East 181st, hapa hapa Bronx. Hita ya umeme ilishika moto ndani ya nyumba moja ya ghorofa za chini. Moto wenyewe haukufika mbali. Kilichotembea ni moshi. Waliokuwa ndani walikimbia, mlango wao ulitakiwa ujifunge wenyewe nyuma yao na haukujifunga. Kuna na mlango wa ngazi za juu uliobaki wazi. Ngazi zikawa bomba la moshi, watu wakazimia wakishuka. Walikufa 17, wanane kati yao watoto, na wengi walikuwa familia za Kigambia. Wiki iliyofuata majeneza 15 yalisaliwa kwa pamoja kwenye kituo cha Kiislamu cha Bronx. Jirani yangu alikuwepo, amesimama nje kwenye baridi kwa kuwa ndani palijaa.

Alipomaliza aliinuka, akaufungua mlango wangu mpaka mwisho, akauachia. Mlango ukaja taratibu, ukasimama nusu. Akanitazama bila kusema neno.

Jioni ile nilipiga 311. Hiyo ndiyo namba ya jiji la New York kwa kila kero isiyokuwa ya dharura. Nilisema neno moja tu la Kiingereza, "Swahili", nikaambiwa nisubiri, na baada ya dakika chache akaingia mkalimani kwenye laini, kwa lafudhi yake Mkenya. Waliuliza anwani, namba ya nyumba, tatizo, na kama tatizo ni langu peke yangu au jengo zima. Habari ya viza au makaratasi haikuulizwa, na watu wanaoogopa kupiga kwa sababu hiyo nawaomba mlishike hili. Mwisho nilipewa namba ya lalamiko. Niliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, maana namba ile ndiyo ushahidi kwamba jiji limeambiwa, tarehe fulani, na halitaweza kusema halikujua.

Sheria ya joto ukiijua haikutoki kichwani. Msimu unaanza Oktoba 1 hadi Mei 31. Kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku, nje kukishuka chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, ndani kusipungue 68, ambazo kwetu ni 20 za Selsiasi. Usiku kusipungue 62, kama 17 za Selsiasi, hata nje kukiwaje. Maji ya moto ni mwaka mzima. Mimi nilidhani joto ni fadhila ya mwenye nyumba, akiwa nazo anatoa, akibanwa anapunguza. Kumbe limo ndani ya kodi ninayolipa.

Mkaguzi wa idara ya makazi ya jiji, HPD, alikuja siku ya pili. Kijana mwenye begi la mgongoni na kipimajoto. Alisimama katikati ya chumba cha watoto, akanyoosha kile kipimo mbali na ukuta na mbali na dirisha, akangoja. 54. Akaandika. Akafungua bomba la maji ya moto, akaitazama saa yake, akapima na hapo. Nilidhani amemaliza, nikaanza kumfungulia mlango atoke. Kumbe mkaguzi akishaingia ndani ana mambo mengine ya kuangalia hata kama hukuyalalamikia: kengele ya moshi, kengele ya ile hewa ya sumu, nondo za madirisha kwa sababu nina watoto wadogo, rangi ya ukutani kama inabanduka, na mlango. Aliufungua, akauachia, ukasimama pale pale uliposimama kwa mama wa Kigambia. Akaandika tena.

Makosa wanayapanga kwa herufi tatu. A ni dogo, mwenye nyumba ana siku 90. B ni la hatari, siku 30. C ni la hatari ya papo hapo, na mengi ya kundi hilo yanatakiwa yarekebishwe ndani ya saa 24. Kukosa joto ni C. Mlango usiojifunga ni C. Mwenye nyumba akipuuza hatari ya namna hiyo, jiji linaweza kutuma mafundi wake lenyewe, likampelekea bili, na asipoilipa deni linalikalia jengo kama kodi ya ardhi isiyolipwa. Mpangaji naye anaweza kumpeleka mahakama ya nyumba ya eneo lake aamriwe kutengeneza. Na orodha ya makosa ya kila jengo iko wazi kwenye tovuti ya HPD: unaandika anwani tu. Siku hizi mtu akinipigia kwamba amepata nyumba ya kupanga, swali langu la kwanza ni kama ameitafuta anwani humo. Jengo letu lilikuwa na ukurasa mrefu kabla hata sijahamia. Mpangaji aliyenitangulia alilalamikia boila lile lile.

Boila lilitengenezwa ndani ya siku nne. Mlango haukutengenezwa. Ikaja barua ya jiji, na hapa wengi tunakosea kwa sababu barua za serikali tunazirundika juu ya friji bila kuzifungua. Barua ilisema mwenye nyumba ameapa kwa maandishi kwamba kosa la mlango limerekebishwa, na kama si kweli nina nafasi ya kupinga. Nilienda kuujaribu mlango nikiwa na barua mkononi. Ukasimama nusu. Nilikasirika kuliko usiku wa jikoni, kwa sababu baridi unaweza kusema ni uzembe, lakini mtu kuweka sahihi kwamba mlango wa wanangu ni mzima ilhali anajua ni mbovu, hilo nilishindwa kulipa jina. Nilipinga. Mkaguzi mwingine akaja. Baada ya hapo fundi alileta bawaba za springi, kazi ya nusu saa.

Nusu saa. Ndiyo ninayoifikiria kila nikiuona ule mlango wa East 181st kwenye picha.

Maana sheria ya milango ilikuwepo. Desemba 28, 2017 moto ulianzia jikoni kwenye jengo jingine la Bronx, mtoto mdogo akichezea jiko. Mama alikimbia na wanawe, mlango ukabaki wazi, wakafa watu 13. Mwaka 2018 jiji likapitisha sheria kwamba milango ya namna hiyo iwe inajifunga yenyewe, na wenye majengo wakapewa mpaka mwisho wa Julai 2021. Miezi sita hata haikutimia, moshi ukapita mlangoni tena. Sheria nyingi za majengo hapa zimetanguliwa na msiba. Vile vibanda vya mabomba na mbao vinavyofunika njia za watembea kwa miguu mji mzima, asili yake ni mwanafunzi wa chuo cha Barnard, Grace Gold, aliyeangukiwa na kipande cha jengo Mei 1979. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kukagua kuta za mbele za majengo marefu, na mpaka leo majengo yenye zaidi ya ghorofa sita yanakaguliwa kila baada ya miaka kadhaa.

Jumamosi ya Novemba 16, 2024, saa saba za usiku kwa huku, simu yangu ilianza kulia mfululizo. Nyumbani ilikuwa asubuhi. Ghorofa lilikuwa limeporomoka Kariakoo. Nina binamu ana duka la vitenge mitaa ile, na mpaka nilipomsikia kwa sauti yake nilikuwa nimekaa kwenye kingo ya beseni la kuogea, taa imezimwa, ili nisiwaamshe watoto. Watu walionaswa chini walikuwa wanawasiliana na waokoaji kwa simu kutoka humo kwenye kifusi. Walikufa zaidi ya 20. Binamu yangu aliniambia jambo ambalo halijanitoka: kwenye jengo lake yeye kuna ufa wa ukutani, kila mwenye duka anaujua, wanaupaka rangi kila mwaka. Nilimuuliza wamemwambia nani. Akasema, "Dada, tumwambie nani? Tukisema tutaambiwa tufunge, na mzigo umekuja jana." Sikuwa na jibu la kumpa, na sijalipata. Huku ufa ule ungekuwa na namba ya lalamiko. Kule uko kwenye midomo ya watu, na watu wakihama duka unahama nao.

Mwezi uliopita alihamia ghorofa yetu dada wa Bukavu na watoto watatu. Jumapili aliniita niangalie dari ya bafu linalovuja. Nilipotoka niliufungua mlango wake mpaka mwisho, nikauachia. Ulikuja robo tu, ukasimama.

"Dada, mimi sitaki maneno na ule patron," akasema. "Atanifukuza."

Nikamweleza kwamba kwenye jengo kama letu, mwenye nyumba akitaka kukutoa ndani ya mwaka mmoja baada ya lalamiko la kweli, mahakama inachukulia kwamba analipiza kisasi, na ni kazi yake yeye kuonyesha kwamba sivyo. Akanyamaza. Akauliza kama watataka makaratasi. Nikamwambia hawataki. Akauliza kama kweli watampatia mtu wa Kiswahili, maana Kiswahili cha Bukavu si kama changu. Nikasema tutasikiliza pamoja, asipoelewana naye nitaingilia.

Aliweka simu kwenye spika juu ya meza. Mwanawe mkubwa, kama miaka tisa, alikuwa amesimama koridoni anaufungua mlango na kuuachia, anaufungua na kuuachia, na kila mara anausukuma kwa kiganja mpaka ushike kitasa.