Jumatatu ya Mzee

Jumatatu ndiyo siku yetu. Mdogo wangu wa miaka 20 yuko Zambia, mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaoitwa Wamormoni. Leo kapiga simu saa kumi kwetu, saa tisa kwao. Simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari, nyanya kasogea hadi skrini nzima ikawa paji lake la uso.

Anaamka saa kumi na mbili na nusu, shati jeupe, tai, kibao cheusi cha jina kifuani, kisha mguu na njia na mwenzake. Kutembea peke yake hakuna. Na cheo chake ati ni Mzee! Nyanya akamuuliza, "Mzee wa nani, na juzi tu nilikuwa nakupangusa kamasi?" Tumecheka mpaka majirani hapa Muyeye, Malindi, wakachungulia.

Chai hanywi, kahawa hanywi, ndiyo dini yao. Nshima anasema ni sima yetu tu, ila mbaazi za nazi anaziota. Mama akageuka kama anayeangalia chungu. Chungu kilikuwa kitupu.

Miezi 24 jamani, bado 11. Na kabla ya 2019 wamisionari hawa walipiga nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Sijui mama angeishije.